Kasma ya mtoto aliyedhulumiwa ni amana, tuilinde

Kila msimu wa bajeti unapokaribia, katika vijiji vyetu vya Lushoto na Bumbuli husikika madai yale yale: barabara ya kuteremshia mboga na matunda, maji ya bomba, darasa la shule ya msingi, dawa katika zahanati. Yote ni madai ya haki, nasi katika kamati ya msikiti tumeyaunga mkono kila tulipopata nafasi ya kusema. Lakini liko fungu moja ambalo katika mikutano hiyo halina msemaji, nalo ni fedha za kumhudumia mtoto aliyepigwa hadi akaumizwa, aliyenajisiwa au aliyetelekezwa. Wanaolihitaji fungu hilo hawapigi kura, na wazazi wao mara nyingi wamefungwa midomo na aibu. Fedha zinapopelea, fungu lisilo na msemaji ndilo la kwanza kupunguzwa.

Tunaandika makala hii ili familia za Kiislamu zijue fungu hilo linafanya kazi gani, kwa nini liko hatarini, na ni wapi sauti ya Muislamu wa kawaida inaweza kulinusuru.

Ukubwa wa balaa

Wapo wanaodhani mambo haya ni ya mijini, na kwamba milima yetu yenye misikiti na makanisa kila kona imesalimika. Takwimu za nchi hazitupi ruhusa ya kujifariji hivyo. Utafiti wa kitaifa uliofanyika mwaka 2009 na kutangazwa mwaka 2011, kwa ushirikiano wa UNICEF, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa (CDC) na Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, ulionesha kuwa karibu wasichana 3 kati ya 10 na mvulana 1 kati ya 7 walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Karibu robo tatu ya vijana wote, wa kike na wa kiume, walifanyiwa ukatili wa kupigwa.

Katika utafiti huo huo, ni kiasi cha nusu ya wasichana waliofanyiwa ukatili wa kingono waliopata kumwambia mtu yeyote. Kwa wavulana ilikuwa theluthi moja hivi. Hivyo mtoto anayefika mbele ya mtu mzima na kusema amedhulumiwa ni miongoni mwa wachache waliothubutu. Swali ni je, akishathubutu, atakuta nini?

Safari ya mtoto kutoka Mtae

Tuchukue mfano wa mtoto anayeishi Mtae, ukingoni kabisa mwa milima. Mama yake amegundua jambo usiku. Kitaalamu, dawa za kumkinga mtoto na maambukizi ya virusi vya UKIMWI zinatakiwa zianze ndani ya saa 72, na kadiri zinavyowahi ndivyo zinavyofaa zaidi. Ushahidi wa mwilini nao hupotea kwa kila saa inayopita, na kwa kila maji ya kuoga. Mama huyu anatakiwa afike polisi kwenye Dawati la Jinsia na Watoto, apate fomu ya PF3, kisha amfikishe mtoto hospitalini, kwa barabara ya milimani ambayo sote tunajua hali yake wakati wa masika.

Hapo safari ndiyo inaanza. Afisa ustawi wa jamii anatakiwa afike nyumbani aone kama ni salama mtoto kurudi, maana huenda mtuhumiwa ni baba wa kambo, mjomba au mpangaji wa chumba cha pili. Ikiwa si salama, inatakiwa familia ya kuaminika au makao ya kumhifadhi. Mtoto anahitaji mtu wa kuzungumza naye kwa upole, wiki kwa wiki, hadi usingizi umrudie na masomo yamwingie. Baadaye kuna mahakama, ambako atatakiwa aeleze yaliyomkuta.

Sheria yetu imeufungua mlango huo. Kwa marekebisho ya Sheria ya Ushahidi ya mwaka 2016, mtoto wa umri mdogo anaweza kutoa ushahidi kwa kuahidi kusema kweli na kutosema uongo. Katika makosa ya kujamiiana, ushahidi wake peke yake unaweza kumtia hatiani mkosaji iwapo mahakama imeridhika kuwa anasema kweli. Adhabu nazo ni nzito tangu Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998. Lakini sheria haipandi basi. Ikiwa shahidi amekosa nauli mara tatu, ikiwa afisa ustawi hana mafuta ya pikipiki, ikiwa mtoto ameachwa bila wa kumtuliza hadi ameingiwa na woga na kunyamaza, kesi hufa. Mtuhumiwa hurudi kijijini, na watoto wengine waliokuwa wakitazama hujifunza kuwa kusema hakuna faida.

Hapa Lushoto tuna heshima ya kuwa na Chuo cha Uongozi wa Mahakama, kinachowafunza watumishi wa mahakama za nchi nzima. Itakuwa ajabu mji unaofundisha haki uwe chini ya vilima ambako mtoto anaikosa haki hiyo kwa kukosa nauli.

Nani analipa?

Kwa mpangilio wa nchi, huduma hizi ni wajibu wa umma. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imeipa kila halmashauri jukumu la kulinda na kuendeleza ustawi wa watoto walio katika eneo lake. Mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto, maarufu kwa jina la MTAKUWWA, ulianza mwaka wa fedha 2017/18, na awamu yake ya pili imepangwa kutoka 2024/25 hadi 2028/29. Mpango huo umeweka kamati za ulinzi wa wanawake na watoto kuanzia kijiji na kata hadi taifa. Yapo madawati ya jinsia na watoto zaidi ya 400 katika vituo vya polisi nchini, vipo vituo vya mkono kwa mkono ambamo tabibu, polisi na mshauri huwa chini ya paa moja, na ipo namba 116, ambayo mtoto au mtu mzima hupiga bure kuomba msaada.

Lakini sehemu kubwa ya kazi hii imekuwa ikibebwa na miradi ya wafadhili: mafunzo, usafiri, fomu, hata posho za wanaowatembelea watoto majumbani. Mwezi Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na ilipofika Julai mwaka huo shirika lake la misaada, USAID, lilikuwa limefungwa. Miradi mingi katika nchi maskini ilikatika katikati ya kazi, bila kujali mtoto yupi alikuwa katikati ya matibabu au kesi. Wahenga walikwisha tuambia kuwa mtegemea cha nduguye hufa maskini. Funzo tunalolichukua ni kwamba ulinzi wa mtoto unatakiwa usimame juu ya mapato yetu wenyewe, na msaada ukija uwe nyongeza.

Kuna tofauti kati ya fedha zilizotengwa na fedha zilizotolewa. Bajeti inaweza kuandikwa vizuri na kupitishwa kwa makofi, kisha mwaka ukaisha na kasma hiyo haijapata hata robo yake, kwa sababu makusanyo yalipungua na mengine yakaonekana ya haraka zaidi. Ndiyo maana tunasema fungu hili lilindwe, kwa kuwa kuandikwa peke yake hakutoshi.

Kulinda fungu kunawezekana

Tunao mfano ndani ya nchi yetu. Kwa miaka mingi halmashauri ziliagizwa kutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Lilipokuwa agizo tu, kila halmashauri ilifanya kwa kadiri ilivyopenda. Mwaka 2018 jambo hilo liliingizwa katika Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, na sasa mgawanyo ni asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa wenye ulemavu. Kilichokuwa hisani kikawa deni. Kama imewezekana kwa mikopo, hatuoni kwa nini isiwezekane kwa mtoto aliyedhulumiwa kuwekewa kiwango, hata kiwe kidogo, kisichoguswa.

Wenzetu wa mbali nao wana la kutufunza. Marekani ilianzisha kwa sheria ya mwaka 1984 mfuko wa waathirika wa uhalifu, ambao haujazwi na kodi ya mwananchi bali na faini zinazotozwa wahalifu katika mahakama za shirikisho. Vituo vinavyowahudumia watoto waliodhulumiwa ni miongoni mwa wanaonufaika. Makampuni makubwa yalipozoea kumalizana na waendesha mashtaka kabla ya hukumu, fedha zao zikawa zinakwenda hazina kuu na mfuko ukanywea. Mwaka 2021 Bunge lao lilirekebisha sheria ili fedha hizo nazo ziingie mfukoni. Hata hivyo, kiasi kilichoruhusiwa kutolewa kilishuka kutoka dola bilioni 1.9 mwaka wa fedha 2023 hadi karibu bilioni 1.35 mwaka 2024. Maana yake ni kwamba hata nchi tajiri, yenye mfuko uliowekwa kisheria, inahitaji watu wa kuuangalia kila mwaka.

Sayyidna Umar na kilio cha mtoto

Sisi Waislamu hatukuanza leo kuijua fedha ya umma ya mtoto. Wanahistoria wamepokea kuwa Khalifa Umar bin Al-Khattab (RA) alikuwa amepanga posho kutoka Baitul Mali kwa kila mtoto aliyeachishwa ziwa. Usiku mmoja, akilinda msafara uliofika Madina, akasikia mtoto akilia bila kukoma. Alipomuuliza mama, naye hakumjua anayezungumza naye, akajibiwa kuwa anamwachisha ziwa kabla ya wakati ili apate posho. Umar alihuzunika mno kwa dhara ambalo utaratibu wake ulikuwa umewasababishia watoto, kisha akaamuru kila mtoto wa Kiislamu apangiwe posho tangu anapozaliwa.

Katika kisa hiki kiongozi amehesabu kilio cha mtoto kuwa ni shauri la hazina ya umma, na amekwenda mwenyewe kuona utaratibu unavyofanya kazi kwa mnyonge. Akaurekebisha bila kungoja bajeti nyingine. Mtume (SAW) alikwisha fundisha kuwa kila mmoja wetu ni mchungaji na ataulizwa juu ya alichokichunga. Diwani, mwenyekiti wa kijiji, imamu na mzazi, kila mmoja ana swali lake.

Wazee wetu wa Kisambaa nao walikuwa na maneno mawili ya kupimia utawala: kuzifya shi, yaani kuiponya nchi, na kubana shi, yaani kuiharibu. Nchi inayowaacha watoto wake na majeraha yao haijaponywa, hata barabara zake ziwe za lami.

Hoja ya sitara

Hapa hatuna budi kugusa hoja inayosikika barazani kwetu, kwamba Uislamu umetuamuru kusitiriana, na hivyo mambo haya yamalizwe ndani ya ukoo. Sitara ni tabia njema, na kumsitiri mtoto ni wajibu: jina lake lisitembezwe sokoni, kisa chake kisifanywe hadithi ya harusini. Lakini kumficha dhalimu si sitara. Allah (SW) katika Suratun-Nisaa, aya ya 135, ametuamuru kusimamisha uadilifu na kutoa ushahidi hata dhidi ya nafsi zetu, wazazi na jamaa wa karibu. Na Mtume (SAW) alipoulizwa vipi tumsaidie ndugu yetu anapokuwa ndiye mwenye kudhulumu, alieleza kuwa ni kwa kumzuia na dhulma yake. Mbuzi wawili na blanketi waliopelekwa kwa babu wa mtoto usiku havimzuii mtu na kitu.

Hayo yanahusu pia madrasa zetu. Mzazi anapomkabidhi ustadhi mwanawe, amekabidhi amana. Kila kamati ya msikiti inapaswa kuhakikisha kuwa hakuna mtoto anayebaki peke yake na mtu mzima chumbani, na kwamba malalamiko yana mtu wa kuyapokea asiye na udugu na anayelalamikiwa.

Tufanye nini?

Kwanza, twendeni kwenye mkutano mkuu wa kijiji. Kisheria hukutana kila miezi mitatu, na hapo ndipo vipaumbele huanzia kabla ya kupanda kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata na Baraza la Madiwani. Akina mama na wake zetu nao waende, maana wao ndio hujua mapema. Tuulize maswali matatu: kiasi gani kimetengwa kwa ulinzi wa mtoto, kiasi gani kimetolewa hadi sasa, na kimefanya nini. Majibu yaingie kwenye muhtasari wa mkutano.

Pili, kamati za misikiti zitoe mjumbe makini katika kamati ya ulinzi wa wanawake na watoto ya kijiji na ya kata, zishirikiane na wenzetu wa makanisa. Dhulma hii haichagui dini, na diwani akiona imamu na mchungaji wameingia pamoja ofisini kwake, atasikiliza.

Tatu, tuweke akiba ndogo ya sadaka kwa ajili ya nauli ya dharura, ili mama wa Mtae asisubiri asubuhi ya pili. Akiba hiyo isichukue nafasi ya wajibu wa halmashauri, na tuwaambie viongozi wazi kuwa haitachukua.

Nne, kila nyumba ijue namba 116, na kila mtoto ajue kuwa akisema ataaminiwa.

Katika Suratut-Takwir, aya ya 8 na 9, tumeelezwa kuwa siku ya Kiyama mtoto wa kike aliyezikwa hai ataulizwa kwa kosa gani aliuawa. Atapewa nafasi ya kusema siku hiyo ambayo hakuna wa kumnyamazisha. Wa kwetu wanaweza kupewa nafasi hiyo hapa duniani, iwapo tutalilinda fungu lao. Tunamuomba Allah (SW) atujaalie kuwa miongoni mwa wenye kutekeleza amana, awaponye watoto wetu, na awaongoze wanaotushikia mali ya umma. Amin.