Ujumbe na Mpaka wa Fungu: Tahadhari kwa Mtafiti wa Kiimbo

Tofauti baina ya "Amekuja" ya taarifa na "Amekuja?" ya swali hubebwa na kiimbo peke yake. Mtafiti atakaye kuichunguza kwa sauti za kuundwa hana budi kukitawala kidatu cha sauti hizo barabara. Makala haya yanakusudia kueleza kosa moja liwezalo kumpata akitumia Pure Data, programu iliyobuniwa na Miller Puckette katika miaka ya 1990, ambayo huandikwa kwa kuunganisha visanduku kwa nyuzi kwenye kioo cha kompyuta.

Ndani ya programu hiyo hupita vitu viwili. Sauti ni mfululizo wa sampuli usiokatika. Ujumbe ni amri ya mara moja. Ili kupunguza kazi, sampuli hukokotolewa kwa mafungu ya 64. Zikiwa 44,100 kwa sekunde, fungu moja huchukua milisekunde 1.45 hivi. Ujumbe hushughulikiwa baina ya fungu na fungu, kamwe si katikati.

Tuseme twataka mipigo 100 kwa sekunde, mfano wa nyuzi za sauti za mwanamume. Kisanduku metro hutoa ujumbe kila milisekunde 10, yaani kila sampuli 441. Lakini kisanduku line~, kinachouchora mpigo, huanza kutenda mwanzoni mwa fungu tu. Kwa kuwa 441 haigawanyiki kwa 64 bila baki, mipigo huachana kwa mafungu 7 au 6, yaani sampuli 448 au 384. Katika kila nafasi 64, 57 huwa ndefu na 7 huwa fupi. Wastani wake ni 441 kamili, hivyo mwenye kuhesabu mipigo kwa jumla haoni kasoro. Sikio, hata hivyo, husikia mkwaruzo. Mtafiti aweza kuuhesabu mkwaruzo huo kuwa sifa ya kiimbo, kumbe ni wa mashine.

Dawa ni kisanduku vline~, ambacho huuzingatia wakati ulioambatana na ujumbe na kuanza kutenda ndani ya fungu, mahali panapostahili. Hata hivyo, hakiponyi ujumbe utokao nje, kama ule wa kubonyeza kitufe, kwani huo haukupangiwa wakati na saa ya programu.

Basi, kabla ya kumwuliza msikilizaji alichosikia, yampasa mtafiti azipime nafasi za mipigo moja moja, wala asitosheke na wastani.