Harthy, Harthi, El-Harthi: Ukoo Mmoja, Hati Nyingi

Katika madaftari ya vyuo na skuli zetu hapa Unguja tunakuta Harthy, Harthi, Al-Harthi na El-Harthi. Mgeni atadhani ni koo nne. Ni jina moja, na kwa Kiarabu lina hati moja tu: الحارثي.

Tofauti ilianza lilipohamishwa kwenye herufi za Kizungu, na zaidi baada ya Waingereza kuishika Zanzibar mwaka 1890. Karani aliandika alivyosikia. Yee ya mwisho mmoja aliiandika "i", mwengine "y". Kiarabu hakina herufi maalumu za "e" na "o", basi kila mtu akapima kwa sikio lake. Ndiyo maana Sayyid Ahmad bin Sumayt, kadhi wetu mashuhuri aliyefariki 1925, utamkuta vitabuni Sumait, Sumeit na hata Smeit. Na jina ambalo Mombasa ni Mazrui, Abu Dhabi huandikwa Al Mazrouei. (Wanaosoma tajwidi wameshaona kwamba "h" moja ya Kizungu inabebeshwa haa mbili!)

Koo nyingi za Hadhramaut zina "Ba" mbele: Bakathir, Bawazir, Bajaber. Ukiitenga "Ba" peke yake, kompyuta inahesabu majina mawili.

Wachina nao, ambao madaktari wao wanakuja Unguja tangu 1964, wana jina la ukoo linaloitwa Chen Beijing, Chan Hong Kong, na Tan kwa wengi wa Singapore. Kwao alama ni moja, lahaja ndizo zinazotofautiana.

Wengi wetu hatutumii ukoo kabisa, tunataja baba na babu. Hilo ni jema, na Suratul Ahzab, aya ya 5, imeamrisha watu waitwe kwa baba zao. Lakini kila kizazi jina moja huanguka, na baada ya vizazi vitatu binamu hawajuani.

Taabu huonekana kwenye mirathi. Cheti cha kuzaliwa kinasema Suleiman, cha skuli Seleman, paspoti Sulaiman, na mrithi wa haki anatafutishwa hati ya kiapo. Basi wazee wetu, mnapoandikisha mtoto njooni na cheti chake, jina linakiliwe herufi kwa herufi. Nanyi wanafunzi, waulizeni mababu na mabibi nasaba yenu wakingali hai, muiandike kwa Kiarabu.