Kubadili wakili katikati ya shauri la talaka: Pima haya kwanza

Umeomba ruhusa kazini, mtoto umemwacha kwa jirani, saa mbili asubuhi uko mahakamani. Kufika zamu yako unaambiwa shauri limeahirishwa hadi mwezi ujao. Wakili wako hakuja. Amemtuma mwenzake ambaye hata jina lako halijui. Hapo ndipo wazazi wengi husema: basi, natafuta wakili mwingine.

Haki hiyo unayo. Wakili ni wa kwako, umemwajiri mwenyewe na unaweza kumwondoa. Lakini jambo ambalo wengi hawaambiwi ni hili: wakili hubadilika, shauri halianzi upya.

Yaliyokwisha kusemwa yamesemwa

Wakili mpya hulipokea shauri pale lilipofikia. Shahidi aliyekwisha kutoa ushahidi haitwi tena kwa sababu tu umepata wakili mwingine. Ni lazima mahakama iombwe na ikubali. Kama kiwanja mlichonunua pamoja hakikutajwa kwenye maombi yaliyofunguliwa, wakili mpya hawezi kukidai hivi hivi siku ya kusikilizwa. Ataomba kwanza ruhusa ya kurekebisha maombi hayo, na mwenzako ana haki ya kupinga.

Kwa hiyo wakati mzuri wa kubadili ni mapema, kabla ushahidi haujaanza. Ukishafika katikati, uwe na sababu nzito.

Sababu nzito na sababu nyepesi

Nzito ni kama hizi: wakili haonekani mahakamani tena na tena bila taarifa, anachukua fedha bila kukupa risiti, amekubaliana jambo na upande wa pili bila kukuuliza, umegundua ana uhusiano na mwenzako au ndugu zake, au leseni yake haijahuishwa. Leseni ya uwakili huhuishwa kila mwaka, na wakili ambaye hanayo hapaswi kukusimamia.

Nyepesi ni kama hizi: hapokei simu saa nne usiku, hakimu yuko likizo na shauri likaahirishwa, kaka yako ana rafiki ambaye “ni mkali zaidi”, au wakili amekuambia ukweli usioupenda.

Hii ya mwisho ndiyo hupoteza watu. Baba anaambiwa kwamba mkewe, hata kama hakuwa na mshahara, ana haki katika nyumba. Anakasirika, anatafuta wakili atakayempa jibu tofauti. Lakini tangu mwaka 1983, katika shauri maarufu la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Seif, Mahakama ya Rufani ilikwisha kusema kuwa kazi za nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa. Kiasi cha mgawo hutegemea ushahidi, ila msingi huo haubadiliki kwa kubadili wakili.

Kabla hujaamua, mwombe wakili wako nusu saa ya kukaa naye. Muulize: shauri limefikia hatua gani, kinachochelewesha ni nini, na hatua inayofuata ni ipi? Majibu yakinyooka, huenda tatizo halikuwa yeye. Akikwepa, umepata jibu lako.

Muda una maana kwa mtoto

Hapa ndipo mzazi anapaswa kutulia. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 125, inachukulia kwamba mtoto wa chini ya miaka 7 ni vema akae na mama yake, isipokuwa ikithibitishwa vinginevyo. Kifungu hicho hicho kinaitaka mahakama iangalie madhara ya kumvuruga mtoto kwa kumhamisha huku na kule.

Maana yake, miezi inayopotea si ya bure. Mtoto aliyekuwa na miaka 6 shauri lilipofunguliwa anaweza kufikisha 7 kabla ya hukumu. Na mtoto aliyezoea nyumba moja, shule moja na marafiki wake, mahakama itasita kumwondoa hapo. Kama mtoto hayuko kwako na unamtaka, kila ahirisho linaweza kukugharimu. Basi muulize wakili mpya mapema kama inafaa kuomba amri ya muda kuhusu malezi na matunzo wakati shauri linaendelea.

Namna ya kubadili bila kuharibu

Kwanza, mpate wakili mpya kabla ya kumwaga wa zamani. Ukikosa mtu na tarehe ikafika, nawe usionekane, maombi yako yanaweza kufutwa. Kama wewe ndiye mjibu maombi, shauri linaweza kusikilizwa upande mmoja.

Pili, maliza hesabu. Wakili wa zamani anastahili malipo ya kazi aliyofanya, na asipolipwa anaweza kulishikilia jalada. Mwombe mchanganuo wa ada kwa maandishi. Mkikosa kuelewana, gharama hizo zinaweza kupelekwa mahakamani zikakaguliwe.

Tatu, chukua nyaraka zako: cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, hati za nyumba au kiwanja, risiti, na fomu ya Baraza la Usuluhishi la Ndoa. Kagua moja moja kabla ya kutia saini kwamba umepokea.

Nne, hakikisha mahakama na upande wa pili wamepewa taarifa ya maandishi ya mabadiliko. Wasipojua, barua na wito vitaendelea kwenda kwa wakili wa zamani.

Tano, mweleze mpya yote, hata yanayokuaibisha. Na usiwe na wawili wanaopingana. Manahodha wengi, chombo huenda mrama.

Kama hukumu imekwisha kutoka, hesabu siku. Kwa rufaa ya shauri la ndoa inayokwenda Mahakama Kuu, sheria inatoa siku 45, na hazisimami kwa sababu unatafuta wakili.

Wakili akikudhulumu, malalamiko yake hupelekwa Kamati ya Mawakili, iliyoundwa chini ya Sheria ya Mawakili. Na kama fedha zimekwisha, usikae kimya. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inatambua huduma kwa wasio na uwezo, na taasisi kama TAWLA na WLAC zimefanya kazi hiyo kwa miaka mingi.

Mwisho, kumbuka kwamba ada ya wakili wa pili hutoka mfuko uleule unaolipa karo na daftari za watoto. Ikibidi, badili. Ila badili kwa sababu shauri linahitaji, si kwa sababu moyo umechoka.