Kwa Nini Watu Huifunga Bahari
Na Mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Sisi tuliolelewa Singida twaijua bahari kwa samaki wake tu, tena samaki waliokwisha kaushwa. Kutoka hapa mpaka Dar es Salaam ni mwendo wa kilometa 700 hivi, na wengi wetu hatujapata kuona wimbi. Maji ya chumvi tunayo, maana Singidani na Kindai yamo mjini mwetu, lakini hakuna aliyepata kuyaita bahari. Basi mwalimu wetu wa Jiografia alipotueleza muhula uliopita kwamba katika pwani ya nchi yetu zipo sehemu ambazo ni marufuku kuvua hata samaki mmoja, darasa liligawanyika. Wengine walisema kwamba huo ni uonevu, kwa sababu samaki ni chakula na bahari haina mwisho. Wengine walisema kwamba serikali haiwezi kufunga jambo bila sababu. Hakuna aliyeijua sababu yenyewe. Mhariri aliposikia ubishi ule aliniomba niitafute na kuieleza hapa.

Yafaa kuanza na matumbawe, maana hayo ndiyo yanayofungwa. Mtu akiyaona matumbawe katika picha hudhani ni mawe au mimea. La, ni wanyama. Kila jiwe la matumbawe ni mji wa viumbe wadogo sana, laini kama utelezi, ambao kila mmoja hujijengea kikombe cha chokaa na kukaa ndani yake. Mmoja akifa, kikombe chake hubaki, na wengine hujenga juu yake. Ndani ya miili yao huishi mimea midogo isiyoonekana kwa macho, nayo hutengeneza chakula kwa mwanga wa jua na kumgawia mwenye nyumba. Ndiyo maana matumbawe hupenda maji ya joto, safi na ya kina kifupi, ambapo jua hufika. Yale ya mviringo kama jabali hukua kiasi cha sentimeta moja tu kwa mwaka. Msomaji na apige hesabu mwenyewe: jiwe lenye kimo cha mwanafunzi wa Kidato cha Kwanza lilianza kujengwa kabla babu zetu hawajazaliwa.

Miamba hiyo haifiki hata asilimia moja ya sakafu ya bahari zote za dunia, lakini inakadiriwa kwamba robo ya aina za viumbe wa baharini huitegemea. Humo hujificha samaki wachanga, humo hutagia, na humo hulishwa. Changu, chewa, pono, tasi, kamba na pweza, karibu wote tunaosikia wakitajwa katika masoko ya pwani, wana nyumba zao pale au hupita pale kutafuta riziki.

Sasa msomaji aweza kuuliza: ikiwa samaki ni wengi hivyo, ndoana ya mvuvi mmoja itaharibu nini? Jibu lake lilinishangaza kuliko yote niliyoyasoma. Yuko samaki mmoja aitwaye kikande, mwenye meno magumu, ambaye chakula chake kimojawapo ni wale viumbe wa mviringo wenye miiba mirefu kama nungunungu wanaokaa juu ya miamba. Viumbe hao wa miiba hula mwani, na wanapoula huukwangua mwamba pamoja nao. Wakiwa wachache hawana madhara. Lakini wavuvi wakiwamaliza vikande, viumbe wa miiba huzaana bila adui, wakafunika mwamba, wakaukwangua usiku na mchana mpaka ukawa kama mfupa uliotafunwa. Wataalamu walioichunguza miamba ya Kenya kwa miaka mingi walilihakikisha jambo hili kwa kulinganisha sehemu zilizofungwa na zile zilizo wazi. Kwa hiyo mtu aweza kuvunja mwamba bila kuugusa, kwa kumvua samaki mmoja asiye hata na bei kubwa sokoni. Na pono naye ana kazi yake. Yeye hula mwani unaotaka kuyafunika matumbawe, akaufanya mwamba uwe safi ili matumbawe machanga yapate mahali pa kushika.

Hayo ni madhara ya polepole. Ya haraka ni baruti. Mvuvi wa baruti hutupa chupa yake majini, na kwa mshindo mmoja samaki wote wa karibu hupasuka matumbo, wakubwa kwa wadogo. Wengine huelea akawaokota, wengine huzama wakaoza bila kuliwa na mtu. Mahali pale matumbawe hubaki kifusi, na kifusi hakishikiki, maana mawimbi hukigeuza kila siku. Sheria ilikataza uvuvi huu tangu mwaka 1970, na hata hivyo milio iliendelea kusikika Tanga, Dar es Salaam, Kilwa na Mtwara kwa miaka mingi sana, mpaka kati ya miaka ya 2010 serikali ilipokaza mkono, ndipo ikapungua. Mimi naona aibu kidogo kuandika hivyo, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Basi, dawa moja iliyogunduliwa ni kuchagua sehemu ya mwamba na kuiacha kabisa. Watu wengi hudhani kwamba faida yake ni kwa wale samaki waliomo ndani tu, na kwamba mvuvi amepoteza. Hapa ndipo hesabu inapoingia. Samaki akiongezeka urefu mara mbili, mwili wake haukui mara mbili, bali mara nane hivi, kwa kuwa hukua kwa urefu, kwa upana na kwa unene. Tumbo la mayai nalo hukua vivyo hivyo, na katika aina nyingi hukua kupita hapo. Kwa hiyo jike mmoja mkubwa aweza kutaga mayai kuliko majike wanane wenye nusu ya urefu wake. Lakini mkubwa ndiye kila mvuvi anayemtaka, na mahali pasipo na makatazo hapati nafasi ya kuzeeka. Tena chewa wana ajabu yao: wengi huanza maisha wakiwa majike, na baadhi yao wakishakuwa wakubwa hugeuka madume. Wakubwa wakimalizwa wote, madume huadimika.

Mayai na vitoto vyake huchukuliwa na mikondo ya maji, wala havijui mpaka uliowekwa na serikali. Na samaki wenyewe, pakiwa na msongamano ndani, hutoka nje. Katika Hifadhi ya Bahari ya Mombasa, iliyotangazwa mwaka 1986, wataalamu waliweka madema karibu na mpaka na mengine mbali nao, wakaona kwamba yaliyokuwa karibu na mpaka yalipata samaki zaidi. Wavuvi wenyewe hawakuhitaji kuambiwa. Mahali pengi penye eneo lililofungwa utawakuta wamepanga mitego yao mpakani, kama wachungaji wanaolisha kando ya shamba la mtu.

Wenzetu wa Kenya walitangulia. Malindi na Watamu zilifungwa mwaka 1968. Kwetu, visiwa vya Mbudya, Bongoyo na Pangavini pamoja na Fungu Yasini, vyote karibu na Dar es Salaam, vilitangazwa kuwa hifadhi mwaka 1975, lakini kwa miaka mingi tangazo lilikuwa katika karatasi tu. Sheria ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu ilipitishwa mwaka 1994, na mwaka uliofuata Mafia ikawa hifadhi ya kwanza ya bahari katika Tanzania, yenye eneo la kilometa za mraba 822. Si eneo lote lililofungwa. Limegawanywa katika sehemu tatu. Ya kwanza ni kiini, na humo hakuna kuvua. Ya pili ni ya wenyeji kwa zana maalum, na nyavu za kuburuta hazikubaliwi. Ya tatu hutumiwa kwa mapana zaidi, na wageni huingia kwa kibali. Watu wengi wa Mafia waliikaribisha hifadhi hapo mwanzo kwa sababu walikuwa wamechoshwa na wapiga baruti waliotoka nje ya kisiwa.

Lakini mambo hayakuwa laini, na sitaki kuyaficha. Katika kisiwa cha Jibondo, ambako watu wengi huishi kwa uvuvi na mashamba ni haba, wavuvi walilalamika kwa miaka mingi kwamba makatazo yamewabana wao kuliko wengine. Nilipoyasoma malalamiko yao nilimkumbuka baba yangu mdogo, ambaye ni mvuvi wa perege na kambale katika Ziwa Kitangiri, kule Iramba. Wakati wa likizo nilimweleza habari hizi za kufunga maji kwa faida ya baadaye. Alinisikiliza mpaka mwisho, akishona wavu wake, kisha akasema, “Mwanangu, hayo ni maneno mazuri. Ila samaki wa mwaka kesho hawezi kuingia katika chungu cha leo. Miezi hiyo nitawalisha nini wadogo zako?” Sikuwa na jibu. Nadhani swali lile ndilo kubwa katika jambo zima, na kwamba anayefunga maji bila kulijibu hafungi kitu, kwa maana watu wataingia usiku.

Baadhi ya vijiji vimejaribu kulijibu kwa kufunga sehemu ndogo, kwa muda mfupi, na kwa kiumbe mmoja tu, naye ni pweza. Pweza wa miamba yetu haishi sana, mwaka mmoja au kuzidi kidogo, lakini hukua upesi mno. Jike hutaga mara moja katika maisha yake, akakaa tunduni akiyalinda mayai bila kula, na yakisha kuanguliwa hufa. Kwa sababu hukua upesi, kungoja kidogo huleta faida iliyo dhahiri: pweza aliyekuwa wa kitoweo cha mtu mmoja, baada ya miezi michache ni mzigo. Wavuvi wa Andavadoaka katika nchi ya Madagaska walianza hivyo mwaka 2004, wakafunga fungu moja kwa miezi saba. Habari ilienea, na katika miaka ya 2010 watu wa Kisiwa Panza huko Pemba nao walifunga sehemu ya mwamba wao, ikilindwa na kamati ya wavuvi wa hapo hapo. Huko Kilifi, wazee wa Kuruwitu walikwenda mbali zaidi, wakatenga kiasi cha hekta 30 mwaka 2005 na kuziacha zifungwe moja kwa moja.

Hata katika pweza liko jambo la kuangaliwa. Kwa desturi, wanawake huwinda pweza kwa miguu maji yakipwa, wakiwa na kijiti mkononi, na wanaume huzamia. Mwamba wa maji mafupi ukifungwa, wanawake ndio wanaokosa kwanza. Na siku ya kufungua, kama watu hawakupatana mapema, wazamiaji na wageni wenye vyombo huweza kuchukua sehemu kubwa kabla kina mama hawajafika. Kamati yenye busara hupanga hayo kabla ya kufunga.

Kufunga kwa muda si jambo la pwani peke yake. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa miezi mitatu, tangu katikati ya Mei mpaka katikati ya Agosti, kwa mapatano ya nchi zinazolizunguka. Dagaa wa Kigoma wanajulikana mpaka kwetu, kwa hiyo jambo hilo halikuwa mbali na sahani zetu. Tofauti ni kwamba mwamba wa Mafia umefungwa kwa mahali, na ziwa lilifungwa kwa wakati. Kwa ziwa kama Kitangiri, lenye kina kifupi, mimi ningependa kwanza tujue samaki hutagia wapi na miezi gani, ndipo tuseme cha kufunga.

Lipo pia jambo ambalo hakuna mpaka uwezao kulizuia, nalo ni joto. Mwaka 1998 maji ya Bahari ya Hindi yalipashwa kupita kiasi, na matumbawe yakaitema ile mimea midogo inayoyalisha, yakawa meupe kama chokaa. Mengi katika Mafia na kwingineko yalikufa, yaliyofungwa na yasiyofungwa. Joto la namna hiyo limerudi tena, mwaka 2016 na mwaka 2024. Kufunga kwafaa kwa kuwa mwamba wenye pono na kikande wake una nafasi ya kuota upya, lakini si kinga ya jua.

Nimekiacha kisiwa cha Chumbe mpaka mwisho, kwa kuwa ndicho ninachotamani kukiona. Kiko kusini mwa mji wa Unguja, na kina mnara wa taa uliojengwa mwaka 1904. Mwamba wake wa upande wa magharibi ulifungwa mwaka 1994, nao una aina za samaki zaidi ya 400. Askari wa kwanza wa kuulinda walikuwa wavuvi wa vijiji vya jirani waliofundishwa kazi hiyo. Hawachukui bunduki. Akija mvuvi kutega ndani ya mpaka, humwendea kwa mashua na kuzungumza naye, na kwa kuwa wenyewe walikuwa wavuvi, wanajua la kumwambia. Wanafunzi wa shule za Unguja huletwa pale kuogelea juu ya mwamba wakiwa wamevaa miwani ya maji, na inasemekana wengi wao, hasa wasichana, walikuwa wamekaa kando ya bahari maisha yao yote bila kupata hata mara moja kutazama chini ya maji yake.