Kabla ya Kununua Pikipiki ya Barabara Mbovu

Anayenunua pikipiki yake ya kwanza ya kupita mawe na matope aanze kwa kuikalia. Nyayo zote mbili zisipofika chini, inaweza kumlalia mteremkoni. Injini ya cc 125 hadi 150 inamtosha anayejifunza. Tairi ziwe na meno makubwa, na shokomzoba zisivuje oili.

Ikiwa imeshatumika, nambari za injini na chesisi zilingane na zilizo kwenye logibuku. Asilipe kabla muuzaji hajaanzisha uhamishaji wa umiliki katika mfumo wa NTSA. Pikipiki ikigunduliwa ni ya wizi, polisi huitwaa na mnunuzi hubaki mikono mitupu.

Kisheria, barabarani lazima awe na leseni ya daraja A2, bima, helmeti na jaketi inayoakisi mwanga.