Sura ya 6: Debe, Bunge na Boma la Kinandi

Kila ninapofundisha uraia hapa Eldoret, iwe ukumbini mwa kanisa au katika baraza ya chifu, swali la ndoa za jinsia moja huja likiwa na majibu yake tayari. Mmoja husema wananchi waliamua zamani, mwaka 2010. Wa pili huapa kuwa wabunge watapitisha sheria usiku, watu wakiwa wamelala. Wa tatu hudai majaji wamekwisha kuziruhusu. Wote watatu wamekosea, nami nitawajibu kwa zamu.

Tuanze na 2010. Tarehe 4 Agosti mwaka huo tuliulizwa jambo moja tu: unaikubali Katiba inayopendekezwa? Kijani ilikuwa Ndiyo, nyekundu Hapana. Hakuna aliyeulizwa kuhusu ndoa. Isitoshe, kati ya mikoa 8, Bonde la Ufa ndio pekee ambako Hapana ilishinda. Huku kwetu watu walibishania ardhi, utoaji mimba na mahakama za Kadhi. Kwa hiyo wengi wanaoinua Ibara ya 45, inayogusa ndoa, kama ngao waliikataa Katiba yenye ibara hiyo. Siwalaumu. Kura ya maoni hukuuzia kapu zima, hata kama ulichotaka ni kitunguu kimoja.

Sasa soma ibara yenyewe polepole. Inampa kila mtu mzima haki ya kuoana na mtu wa jinsia tofauti, kwa hiari ya wote wawili. Inatoa haki, haitamki marufuku. Linganisha na Uganda, ambako Bunge lilibadilisha katiba mwaka 2005 na kuandika wazi kuwa ndoa ya jinsia moja imepigwa marufuku. Kwetu, maneno yanayobana zaidi yamo katika sheria ya kawaida: kifungu cha 3 cha Sheria ya Ndoa ya 2014 kinaieleza ndoa kuwa muungano wa hiari wa mwanamume na mwanamke.

Tofauti hiyo ndiyo kiini cha sura hii. Kifungu cha sheria ya kawaida wabunge waweza kukirekebisha kwa wingi wa kura. Lakini hata hapo mswada husomwa mara tatu, umma hushirikishwa na Rais hutia saini, kwa hiyo hadithi ya usiku mmoja inayozunguka WhatsApp ni upuuzi. Ibara ya 45 ni jambo jingine. Imo katika Sura ya Nne, sura ya haki, na Ibara ya 255 inailinda. Bunge likitaka kuigusa, linahitaji thuluthi mbili ya wabunge wote na thuluthi mbili ya maseneta wote, na siku 90 zipite kati ya usomaji wa kwanza na wa pili. Kisha wananchi wapige kura: walio wengi wakubali, na angalau asilimia 20 ya wapigakura waliosajiliwa wajitokeze katika kaunti zisizopungua 24 kati ya 47. Kwa hiyo anayeuliza "Bunge au wananchi?" aseme kwanza anataka kugusa maandishi yapi.

Na majaji? Tarehe 24 Februari 2023 Mahakama ya Juu iliamua, majaji 3 dhidi ya 2, kwamba shirika la kutetea haki za watu wenye mapenzi ya jinsia moja lina haki ya kusajiliwa. Suala la ndoa halikuwa mbele yao.

Nilikusudia kuendelea na Ireland, ambako wananchi walipiga kura mwaka 2015, na Afrika Kusini, ambako mahakama iliamuru na Bunge likatunga sheria mwaka 2006. Lakini siwezi kuipita Nandi bila kusimama.

Kwa mila ya Wanandi, kila mke ana nyumba yake, yenye mali inayorithiwa na wana wa nyumba hiyo. Mwanamke asiyejaliwa mtoto wa kiume aweza kutoa mahari na kuoa msichana. Tangu hapo huhesabiwa mume. Mke huzaa na mwanamume wa kando, na watoto huwa wa nyumba ile. Wanaolihusisha jambo hili na mapenzi ya jinsia moja hawajaielewa mila hiyo. Shabaha yake ni mrithi. Mwaka 2011, Jaji Jackton Ojwang' wa Mahakama Kuu, Mombasa, aliitambua ndoa ya namna hiyo katika mgogoro wa mirathi.

Miaka 3 baadaye Bunge likaandika "mwanamume na mwanamke". Macho ya taifa yalikuwa kwingine, na wake wa maboma hayo wakajikuta nje ya maneno ya sheria. Debe nalo lisingewaona, kwa kuwa ni wachache mno. Bunge huhesabu mikono, debe huhesabu karatasi. Kabla ya kuhesabu, lazima mtu aulize maneno haya yatabisha hodi katika nyumba zipi, kisha aende akawasikilize wenye nyumba.