Mwenyeheri Floribert na Gunia la Mahindi Yenye Kuvu



Watoto wetu wanamfahamu vizuri Mtakatifu Kizito, yule kijana wa miaka kama 14 aliyechomwa moto pale Namugongo tarehe 3 Juni 1886. Jina lake tumewapa watoto, shule na kwaya. Mwezi huu ukurasa wetu wa afya unawaletea kijana mwingine, wa siku zetu hizi na wa mji wa watu wanaosema Kiswahili kama sisi. Aliuawa kwa sababu alikataa watu walishwe chakula kibovu.

KIJANA WA GOMA

Floribert Bwana Chui alizaliwa Goma, mashariki ya Kongo, tarehe 13 Juni 1981. Alipokuwa na miaka 13, mwezi Julai 1994, wakimbizi wa Rwanda walimiminika katika mji wao wapatao milioni moja kwa siku chache tu. Kipindupindu kikazuka na kuua maelfu kwa maelfu. Wazee wetu wa Karagwe hawana haja ya kusimuliwa habari hizo, maana mwaka huo huo wilaya yetu nayo ilijaa wakimbizi. Basi kijana huyu alikua akiona kwa macho yake jinsi uhai wa mtu unavyoweza kupotea kwa sababu ya maji machafu na njaa.

Alisoma sheria. Alijiunga na Jumuiya ya Mtakatifu Egidio, iliyoanzishwa Roma mwaka 1968, na pamoja na wenzake akawahudumia watoto wa mitaani, akiwasaidia kusoma na kula. Wale waliomjua wanamkumbuka kama kijana wa sala na wa urafiki, mwenye kupenda maskini.

Alipoanza kazi aliajiriwa na ofisi ya serikali ya kukagua ubora wa bidhaa. Goma umepakana na Gisenyi ya Rwanda, na kila siku vyakula vingi huvuka mpaka huo. Kazi ya Floribert ilikuwa kuangalia kama vinafaa kuliwa.

MCHELE ULIOHARIBIKA

Mwaka 2007 ulifika mpakani mchele uliokwisha kuharibika. Floribert akakataa usipite. Akaletewa fedha, akakataa. Zikaongezwa, akakataa tena. Wakubwa wakampigia simu, naye hakubadili neno lake. Alimsimulia mtawa mmoja shida hiyo, akamwambia kwamba fedha zile zingekwisha upesi, lakini je, wale watakaokula chakula kile wangekuwaje? Alijiuliza kama kweli anaishi ndani ya Kristu, akasema ni afadhali kufa kuliko kuzipokea.

Tarehe 7 Julai 2007 alitekwa. Siku mbili baadaye mwili wake ulionekana, ukiwa na alama za mateso. Alikuwa na miaka 26.

Tarehe 2 Februari 2023, mjini Kinshasa, Baba Mtakatifu Fransisko aliwapa vijana wa Kongo mfano wa Floribert, aliyekataa rushwa ili kulinda afya ya watu. Mwezi Novemba 2024 Papa huyo aliidhinisha kwamba kifo chake kilikuwa cha kishahidi, na tarehe 15 Juni 2025 akatangazwa Mwenyeheri katika Basilika ya Mtakatifu Paulo nje ya Kuta, Roma. Hatua iliyobaki ni kutangazwa Mtakatifu, na kwa kawaida hatua hiyo hungoja muujiza kwa maombezi yake.

YANATUHUSU NINI SISI WA IHEMBE?

Pengine msomaji atasema: mimi si mkaguzi wa mpakani, wala sijawahi kuletewa fedha nipitishe mchele. Ngoja tuchukue mfano wa familia moja. Hatuitaji jina, maana inaweza kuwa ya yeyote kati yetu.

Mavuno yamekwisha. Jua limekosekana siku nyingi, na mahindi yameanikwa chini kwenye udongo. Kati ya magunia matano, mawili yamepata unyevu na punje zimeota ukungu wa kijani na wa kijivu. Mnunuzi yuko njiani, na watoto wanahitaji sare. Baba anasema, "Mama watoto, tuyachanganye na yale mazuri. Yakishasagwa nani atajua?" Mama ananyamaza kidogo, halafu anauliza, "Na atakayeyala, baba watoto?"

Swali la mama huyu ndilo swali la Floribert. Tofauti ni ukubwa wa mzigo tu.

SUMUKUVU NI KITU GANI?

Baadhi ya kuvu wanaoota kwenye mahindi, karanga na nafaka nyingine hutoa sumu inayoitwa sumukuvu. Ubaya wake ni huu: haionekani kwa macho, haina harufu wala ladha. Kuchemsha ugali kwa muda mrefu hakuiondoi. Kupika pombe hakuiondoi. Hata mahindi yanayoonekana safi yanaweza kuwa nayo, ingawa yale yenye kuvu, yaliyosinyaa, yaliyopasuka au kutobolewa na wadudu ndiyo ya hatari zaidi.

Sumu hii hushambulia ini. Mtu akila nyingi kwa mara moja hupata kichefuchefu, kutapika, maumivu ya tumbo, macho ya manjano na tumbo kujaa maji, na anaweza kufa katika siku chache. Nchini Kenya mwaka 2004 waliugua watu 317, na 125 kati yao wakafariki. Hapa kwetu Tanzania mwaka 2016, katika mikoa ya kati, watu wapatao 20 walifariki kwa sumu hiyo hiyo.

Anayekula kidogo kidogo kwa miaka haoni kitu leo, lakini baadaye anaweza kupata saratani ya ini. Hatari huwa kubwa mara nyingi zaidi kwa mwenye virusi vya homa ya ini aina ya B. Kwa sababu hiyo mtoto asikose chanjo zake za wiki ya 6, ya 10 na ya 14, maana ndani yake mna kinga ya homa hiyo.

Tuwaangalie hasa watoto wadogo. Uji wa lishe tunaowapa hutengenezwa kwa mahindi na karanga, yaani vyakula viwili vinavyopatwa na sumu hii kuliko vingine. Mama anadhani anamjenga mtoto, kumbe karanga mbovu moja moja zinamharibu.

TUFANYE NINI?

1. Tusianike mazao juu ya udongo. Tutumie turubai, mkeka au kichanja, na tuyaingize ndani mvua ikinukia.

2. Tuhakikishe yamekauka kabla ya kuyaweka ghalani. Kipimo ni rahisi. Chukua chupa ya kioo safi na kavu, tia punje za mahindi hadi robo yake, ongeza vijiko viwili au vitatu vya chumvi kavu, funga, tikisa kwa nguvu dakika moja, kisha acha itulie dakika 15. Chumvi ikigandia kwenye kioo, mahindi bado yana unyevu. Yarudishwe juani.

3. Tuchambue kabla ya kusaga. Punje zenye kuvu, zilizobadilika rangi, zilizosinyaa au kuvunjika ziondolewe. Vivyo hivyo karanga. Kukoboa mahindi nako hupunguza sumu.

4. Tuhifadhi magunia juu ya mbao au vichaga, mbali na ukuta, katika chumba kisichovuja. Mifuko isiyopitisha hewa husaidia sana, mradi mazao yawe makavu kwanza.

5. Mabovu tusimpe kuku, nguruwe wala ng'ombe. Ng'ombe akila sumukuvu, sehemu yake hutoka katika maziwa, na maziwa hayo anayanywa mtoto. Yafukiwe. Wala tusiyapeleke kwenye pombe.

6. Dukani tusome tarehe ya mwisho ya matumizi. Kopo lililovimba lisifunguliwe. Tukiona bidhaa mbovu zinauzwa, tumwarifu Bwana Afya wa kata.

7. Watu kadhaa wa nyumba moja wakitapika, wakiumwa tumbo na kuwa na macho ya manjano, waende hospitali siku hiyo hiyo, na wachukue kiasi cha chakula walichokula. Tusipoteze muda kutafuta mchawi.

GUNIA LILE LINA BEI GANI?

Hatuwezi kuficha kwamba kutupa mahindi kunauma. Mtu amelima, amepalilia, amelinda nyani, halafu anaambiwa afukie. Kwa maskini hiyo ni hasara ya kweli, na jirani asimcheke. Hapa ndipo Jumuiya Ndogo Ndogo zinapopaswa kuonekana. Jumuiya inaweza kuchanga na kununua turubai moja kubwa la kuazimana wakati wa mavuno. Inaweza kumsaidia mjane kuanua mahindi yake mvua inapokuja. Aliyepoteza gunia anaweza kupewa debe moja moja na wenzake. Tukisaidiana hivyo, baba yule wa mfano wetu hatabaki peke yake na kishawishi chake.

Floribert naye angeweza kusema mchele ule utaliwa na watu asiowajua. Lakini kwake wale wasiojulikana walikuwa ndugu. Wilaya ya Kyerwa imepakana na Uganda na Rwanda, na mazao yetu husafiri mbali. Mahindi ya Ihembe yanaweza kuwa uji wa mtoto ambaye hatutamwona kamwe. Mtoto huyo anatutegemea sisi tulioshika ungo.

Mwezi huu, katika jumuiya zetu, tuulizane maswali mawili: Je, nyumbani kwangu nani huchambua mahindi kabla hayajaenda mashineni? Na je, nimewahi kuuza kitu ambacho nisingempa mwanangu ale?

Mwenyeheri Floribert, utuombee.